Bahari ya Tiba, Bahari ya Kashfa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pwani za Uingereza Enzi ya Rijensi

Anayesoma riwaya za Kiingereza za mwanzoni mwa karne ya 19 hukutana na bahari mara nyingi, ila ni bahari ya aina yake. Watu huenda huko kwa agizo la daktari, hupanga nyumba kwa wiki sita, huingia majini wakiwa wamefichwa ndani ya kibanda cha mbao, na kabla msimu haujaisha msichana mmoja ameshatoroka na afisa wa jeshi. Maswali yafuatayo ndiyo huulizwa zaidi na wasomaji, hasa wale waliokulia kwenye pwani ya joto na wasioelewa kelele zote hizo zilikuwa za nini.

Rijensi ni miaka gani hasa?

Kwa hesabu kali ni 1811 hadi 1820. Mfalme George III alikuwa amezidiwa na maradhi ya akili, na mwanawe mkubwa, naye George, akapewa kukaimu kiti mpaka baba alipofariki. Wapenzi wa riwaya huivuta enzi hiyo pande zote mbili, tangu miaka ya 1790 hadi 1830 hivi, kwa kuwa mavazi, dansi na adabu havikubadilika kwa usiku mmoja. Hapa tunafuata hesabu hiyo pana, na tutarudi nyuma hadi 1750 inapobidi, maana desturi ya kuoga baharini ilianza kabla Mwanamfalme huyo hajazaliwa.

Kwani kabla ya hapo Waingereza hawakuoga baharini?

Wavuvi na watoto wao waliingia majini kama wavuvi wa popote. Walioikwepa bahari ni waungwana. Kwao ilikuwa mahali pa mabaharia, wauza samaki na wapenyezaji wa magendo. Mgonjwa mwenye fedha alikwenda kwenye chemchemi za maji ya madini, Bath ikiwa mashuhuri kuliko zote, akanywa na kujiloweka humo.

Mji wa Scarborough, kaskazini mashariki, ulikuwa na bahati ya kupata vyote viwili: chemchemi ya tiba iliyogunduliwa katika miaka ya 1620, na bahari hatua chache kutoka hapo. Wagonjwa waliochoka kunywa wakaanza kujaribu kuoga. Mchoro wa ufukwe huo wa miaka ya 1730 tayari unaonyesha waogaji majini na kibanda cha magurudumu kando yao.

Aliyeigeuza desturi ndogo kuwa biashara kubwa ni daktari mmoja wa Lewes, Richard Russell. Mwaka 1750 alichapisha kitabu kwa Kilatini kuhusu matumizi ya maji ya bahari katika magonjwa ya tezi, na kufikia 1752 kilikuwa kinasomwa kwa Kiingereza. Alihamishia tiba yake kwenye kijiji cha wavuvi kilichoitwa Brighthelmstone, ambacho dhoruba zilikuwa zimekimega na umaskini umekichosha. Akajenga nyumba kubwa inayotazama maji, wagonjwa wakamfuata. Alipofariki mwaka 1759, kijiji kilikuwa njiani kuwa Brighton. Nani angefikiri kwamba uvimbe wa tezi ungejenga mji?

Ni kweli walikuwa wakiyanywa maji ya bahari?

Ndiyo, tena kwa glasi. Russell aliyatumia kama haluli, na wapo walioandikiwa kiasi cha nusu lita asubuhi. Wengine waliyachanganya na maziwa ili yateremke. Yalitiwa hata kwenye chupa yakapelekwa London kwa wasioweza kusafiri. Yalifanya kazi kwa maana moja tu, ambayo msomaji anaweza kuikisia bila kuelezwa.

Kuoga kwenyewe kulikuwaje?

Hapa ndipo picha za filamu nyingi zinapokwenda kombo, kwa hiyo twende taratibu.

Unafika ufukweni asubuhi, mara nyingi kabla ya kifungua kinywa. Unasubiri zamu, Margate kulikuwa na vyumba maalumu vya kusubiria. Kisha unapanda ngazi na kuingia katika kibanda cha mbao chenye magurudumu manne, chembamba, chenye giza, na sakafu iliyolowa maji ya waliokutangulia. Mlango unafungwa. Farasi anafungwa mbele, kibanda kinaanza kuyumba kwenda majini, nawe ndani unahangaika kuvua nguo bila kuanguka. Kikifika kina cha kutosha, farasi anafunguliwa na kuhamishiwa upande wa pili, tayari kwa safari ya kurudi. Mlango unaotazama bahari unafunguliwa, na mbele yako kuna ngazi zinazoshuka majini.

Mtu mmoja wa Margate, Benjamin Beale, wa madhehebu ya Quaker, aliongeza kitu karibu na mwaka 1750: turubai kubwa lililokunjuliwa nyuma ya kibanda kama paa la mwavuli na kushuka hadi majini. Mwogaji akawa na kidimbwi chake cha faragha, akiwa baharini lakini haonekani na mtu. Si kila mji ulikuwa na turubai hilo, na ambako halikuwepo, wenye darubini walipata kazi ya kufanya. Wachora vibonzo wa wakati huo hawakuiacha mada hiyo ipite.

Kisha unazamishwa. Hukuogelea, maana wengi hawakujua kuogelea na daktari hakuwa ameagiza hilo. Ulizamishwa kichwa na yote, mara mbili au tatu, ukatolewa ukitetemeka, ukasuguliwa, ukavaa, ukarudi. Shughuli yote majini ilikuwa ya dakika chache.

Nani aliyekuzamisha?

Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wote wenyeji wa pwani na wengi wao wa familia za wavuvi. Kwa maoni yangu hawa ndio watu wanaovutia kuliko wote katika habari nzima, na riwaya zimewanyima haki yao. Fikiria mwanamke wa tabaka la chini, mwenye mikono ya kamba na nyavu, amesimama majini hadi kiunoni toka alfajiri, na kazi yake ni kumkamata binti wa bwana mkubwa na kumtosa chini ya wimbi bila kuomba radhi. Hakuna mahali pengine Uingereza ambapo jambo hilo lingeruhusiwa.

Aliyevuma kuliko wote ni Martha Gunn wa Brighton, aliyezaliwa 1726 na kufariki 1815. Picha zake ziliuzwa, na Mwanamfalme alimpenda kiasi cha kumruhusu kuingia jikoni kwake. Inasimuliwa kwamba siku moja alipewa donge la siagi huko jikoni, akalificha aliposikia mwenye nyumba anakuja. Mwanamfalme, aliyekuwa ameona kila kitu, akamsogeza karibu na moto na kumshikilia kwa mazungumzo mpaka siagi ikaanza kumchuruzika. Kwa wanaume alikuwepo John Miles, aliyejulikana kwa jina la utani la Smoaker. Yeye, kwa simulizi za mji, alimzuia Mwanamfalme kwa nguvu asiingie majini siku ya dhoruba, akisema hataki kunyongwa na mfalme kwa kumzamisha mrithi wake.

Walivaa nini? Wanaume waliingia uchi kweli?

Wanaume, kwa kawaida, ndiyo. Tamthilia ikionyesha waungwana wakikimbilia mawimbi bila nguo haijatia chumvi. Wanawake walivaa gauni pana la flaneli au kitani, lisilo na umbo lolote, ambalo likilowa linakuwa zito. Vazi la kuogelea linalobana, lenye mapambo, ni la baadaye sana. Sehemu za wanaume na za wanawake zilitengwa, ingawa umbali kati yao ulikuwa chanzo cha malalamiko kila msimu.

Kwa nini waogee kwenye baridi?

Kwa sababu baridi ndiyo iliyokuwa dawa. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam amezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29. Pwani ya kusini mwa Uingereza, hata mwezi wa Agosti, hayazidi sana nyuzi 18. Madaktari waliamini kwamba mshtuko huo unakaza mwili, unaamsha damu na kufukuza uzito wa moyo. Kwa mantiki hiyo, majira ya baridi yalikuwa bora zaidi. Eliza de Feuillide, binamu yake mwandishi wa riwaya Jane Austen, alimpeleka mwanawe mdogo mgonjwa Margate na kubaki naye huko Januari 1791, kwa kuwa daktari alimhakikishia kwamba mwezi mmoja wa kuoga wakati huo unashinda miezi sita ya wakati mwingine. Mtoto hakupona, alifariki miaka kadhaa baadaye angali kijana mdogo.

Mfalme mwenyewe aliingia majini?

Aliingia, na kwa muziki. Mwaka 1789, alipopata nafuu baada ya shambulio baya la maradhi yake, George III alipelekwa Weymouth kuoga. Mwandishi Fanny Burney, aliyekuwa akimhudumia Malkia Charlotte wakati huo, ameandika jinsi mji ulivyopagawa: wanawake wa kuzamisha walizungushia viunoni maandishi ya kumwombea mfalme baraka za Mungu, na kibanda cha pili kilikifuata kile cha mfalme kikiwa kimejaa wapiga fidla, wakapiga wimbo wa dua hiyo hiyo, God Save the King, mara tu kichwa cha mfalme kilipozama. Alirudi Weymouth mara nyingi hadi 1805.

Miji mingine ikang'amua siri ya biashara, kwamba ukimpata mtu mmoja wa ukoo wa kifalme umepata msimu mzima. Worthing ilimpata Binti Mfalme Amelia mwaka 1798 na ikaacha kuwa kijiji. Bognor haikusubiri, mtengeneza kofia tajiri wa London, Sir Richard Hotham, alianza kuijenga kwa fedha zake mwenyewe katika miaka ya 1780, akitumaini wakubwa watakuja wakikuta nyumba tayari.

Mbona Brighton husemwa vibaya?

Kwa sababu ya mwenyeji wake. Mwanamfalme George alifika mara ya kwanza mwaka 1783, akiwa na miaka 21, kumtembelea baba yake mdogo, Mtawala wa Cumberland, ambaye naye hakuwa mfano mwema. Mji ukamnogea. Ulikuwa mbali na macho ya baba yake, karibu na mbio za farasi, na ukawa pia makazi ya Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki aliyemwoa kwa siri mwaka 1785 kinyume cha sheria ya ndoa za kifalme. Nyumba ya kawaida aliyopanga Mwanamfalme iligeuzwa kuwa jumba mwaka 1787, na kati ya 1815 na 1822 msanifu majengo John Nash akalivika makuba na minara inayoonekana leo.

Ongeza vita. Kutoka 1793 hadi 1815, kwa mapumziko mafupi tu, Uingereza ilipigana na Ufaransa, na pwani ya kusini ndiyo iliyomtazama adui. Kambi za jeshi zikajaa Brighton, na matajiri waliokuwa wakienda kutalii Ufaransa na Italia wakafungiwa nchini, wakahamia ufukweni. Mahali pamoja pakawa na mwanamfalme mbadhirifu, maelfu ya vijana wenye sare nyekundu na familia zisizo na la kufanya. Mzazi wa shamba aliyesikia jina Brighton alikuwa na haki ya kushtuka.

Walikaaje siku nzima, ikiwa kuoga ni dakika chache?

Walibarizi. Baada ya kuoga ni kifungua kinywa, kisha matembezi ya kuonana na kuonekana kando ya bahari. Maktaba ya kuazima vitabu kwa ada ilikuwa moyo wa mji: humo mlisomwa magazeti na riwaya, palichezwa bahati nasibu ndogo, ziliuzwa shanga na vijisanduku vya kombe, na kuwekwa daftari ambalo kila mgeni mwenye hadhi aliandika jina. Ukitaka kujua nani yuko mjini, unafungua daftari. Jioni kuna ukumbi wa dansi, wenye msimamizi wa kuwatambulisha wageni wao kwa wao, na kuna karata na maigizo. Mchana wengine walipanda punda au mashua, wengine waliokota mawe na kombe. Huko Lyme mawe hayo yalikuwa na mifupa ya kale ndani yake, na msichana wa fundi seremala, Mary Anning, alikuwa akiyauza kwa wageni kabla hajawa jina kubwa katika sayansi.

Walifikaje, na nani aliweza kumudu?

Kwa gari la farasi, Brighton ilikuwa kama saa sita kutoka London kufikia miaka ya 1810, umbali wa kilomita 85 hivi. Reli haikufika mpaka 1841. Margate ilikuwa hadithi tofauti: ilifikika kwa kushuka mto Thames ndani ya majahazi yaliyoleta nafaka London na kurudi na abiria, safari ya kichefuchefu lakini ya bei nafuu, na kuanzia 1815 zikaja meli za mvuke. Ndiyo maana Margate ilikuwa na wauza duka na makarani, na ndiyo maana wenye vyeo waliibeza.

Maskini mgonjwa hakuachwa kabisa. Daktari John Coakley Lettsom na wenzake walianzisha mwaka 1791 hospitali ya kuoga baharini huko Margate kwa ajili ya maskini wa London, hasa wenye kifua kikuu cha tezi. Ilipokea wagonjwa kuanzia 1796.

Mbona kashfa zote za Jane Austen hutokea pwani?

Si zote, lakini orodha inatisha. Katika Pride and Prejudice, Wickham anajaribu kumtorosha Georgiana Darcy, mwenye miaka 15, akiwa Ramsgate. Mwaka unaofuata anafaulu kwa Lydia Bennet, akiwa Brighton. Katika Emma, Frank Churchill na Jane Fairfax wanachumbiana kwa siri Weymouth na kukidanganya kijiji kizima kwa miezi. Katika Mansfield Park, Tom Bertram anazurura Ramsgate na Weymouth, na huko Weymouth anapata rafiki anayekuja kuleta nyumbani kwao wazimu wa kuigiza michezo. Katika Sense and Sensibility, Lucy Steele akishamnasa mdogo wa mchumba wake badala ya mchumba mwenyewe, fungate wanakula Dawlish.

Sababu ni namna jamii ile ilivyojilinda. Kijijini, binti alizungukwa na watu waliomjua tangu tumboni. Mgeni hakuweza hata kuzungumza naye kabla ya kutambulishwa, na kabla ya kutambulishwa watu walishauliza shamba lake liko wapi na linaingiza kiasi gani kwa mwaka. Pwani ukuta huo ulibomoka. Kila mtu ni mpangaji. Daftari la maktaba linakupa jina, halikupi ukoo. Msimamizi wa dansi anamtambulisha yeyote aliyelipa na kuvaa vizuri. Mzazi yuko kitandani na maji ya chumvi tumboni, au hakuja kabisa na amemkabidhi binti kwa mtu mwingine, kama Lydia alivyokabidhiwa kwa mke wa Kanali Forster, mwanamke kijana aliyehitaji kuangaliwa yeye mwenyewe. Georgiana naye alikuwa na mlezi wa kulipwa, Bi Younge, ambaye alikuwa ameshapatana na Wickham.

Kwa hiyo, Austen anapoutaja mji wa pwani hahitaji kuandika maelezo. Msomaji wake alikuwa akijua tayari. Tazama jinsi Brighton isivyoonyeshwa hata kwa ukurasa mmoja: tunaiona kupitia ndoto za Lydia tu, kambi yenye mahema yaliyopangwa na maafisa sita wanaompenda kwa wakati mmoja. Bi Bennet naye anaitamani kwa jina la afya, akidai kuoga kidogo baharini kungemponya kwa maisha yake yote. Bwana Bennet angekataa kwa maneno machache, lakini aliona uvivu kubishana. Wasomaji humlaumu Lydia. Mimi humlaumu baba.

Lyme peke yake ndiyo imeandikwa kwa mapenzi. Katika Persuasion ni Novemba, vibanda vya kuogea vimeondolewa, wageni wamekwenda zao, na kuna upepo. Louisa Musgrove anaruka kutoka ngazi za gati la mawe linaloitwa Cobb na kuanguka, jambo ambalo wasomaji hulikumbuka kuliko yote. Lakini kabla ya hapo Anne Elliot, mwenye miaka 27 na anayehesabiwa kuwa amechakaa, anatembea ufukweni asubuhi, upepo unamrudishia rangi usoni, na mgeni anayepishana naye anageuka kumtazama. Hakuna daktari aliyeagiza hilo, wala hakuna aliyelilipia.

Na ule ubishi wa South End na Cromer katika Emma una maana gani?

Ni mzaha kuhusu madaktari. Isabella amewapeleka watoto South End kwa ushauri wa daktari wake wa London, kwa ajili ya koo la binti mdogo. Baba yake, Bwana Woodhouse, anayeamini kwamba bahari ilikaribia kumuua, anaomboleza: daktari wake yeye anaisifu Cromer. Mkwe, John Knightley, anauliza kwa hasira kama huyo daktari anaweza kuisafirisha familia maili 130 kwa gharama ya maili 40. Kila mtu alikuwa na daktari wake, kila daktari alikuwa na ufukwe wake, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Emma mwenyewe, tajiri wa kijiji kile, hajawahi kuiona bahari. Anakwenda baada ya kuolewa tu, kwa wiki mbili.

Jane Austen mwenyewe aliingia majini?

Aliingia na akapenda. Septemba 1804, akiwa Lyme, alimwandikia dada yake Cassandra kwamba kuoga asubuhi ile kulikuwa kutamu mno na mwanamke aitwaye Molly alimhimiza mno ajifurahishe, hata akakaa majini kupita kiasi na kuchoka mchana wote. Miaka ya kwanza ya karne hiyo familia yake ilizunguka miji ya pwani kila kiangazi, na mwaka 1805 walikaa Worthing. Katika ukoo wao ilisimuliwa, kwa kinywa cha Cassandra, kwamba huko pwani Jane alikutana na mwanamume ambaye angemkubali, na kwamba walipotarajia kuonana tena ikaja habari ya kifo chake.

Ajabu ni kwamba hakuandika tukio hata moja la mtu kuoga. Mary Musgrove anaoga Lyme, lakini tunaambiwa katika nusu sentensi, pamoja na habari kwamba alikwenda kanisani.

Sanditon inahusu nini?

Inahusu uwekezaji, na ndiyo maana inasomeka kana kwamba imeandikwa juzi. Austen aliianza tarehe 27 Januari 1817 akiwa mgonjwa, akaiacha tarehe 18 Machi, akafariki Julai 18 mwaka huo. Zimebaki sura 12, zilizochapishwa mwaka 1925.

Bwana Parker ameacha nyumba ya mababu bondeni, penye miti na kivuli, akajenga nyingine juu ya jabali na kuiita Trafalgar. Sasa anajuta, kwa sababu jina la Waterloo lingeuza zaidi. Anaamini hakuna binadamu anayeweza kuwa mzima bila wiki sita za bahari kila mwaka. Akiona viatu vya buluu kwenye dirisha la duka la kijijini anapiga kelele za furaha kwamba ustaarabu umefika. Mbia wake, Lady Denham, anataka wageni wenye fedha lakini anaogopa wakija bei ya nyama itapanda, tena hataki daktari mjini, anataka kuuza maziwa ya punda wake. Dada yake Parker, Diana, mgonjwa wa kudumu mwenye nguvu za farasi wawili, anahangaika kwa barua kuleta familia mbili kubwa, na zinapofika zinakuwa ni familia moja.

Bi Lambe ni nani, na je, kulikuwa na watu wasio Wazungu katika miji hiyo?

Ndani ya familia hiyo moja yumo Bi Lambe, msichana wa miaka 17 kutoka visiwa vya Karibi, mwenye damu ya Kiafrika na mali nyingi kuliko wote. Anahisi baridi, ana kijakazi wake, na kila mtu anataka kumuuzia au kumwoza. Riwaya haisemi mali yake imetoka wapi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni uliendelea hadi sheria ya 1833, na msomaji wa 1817 hakuhitaji kuambiwa sukari ilitoka mikononi mwa nani. Tamthilia ya televisheni ya 2019 ilimpa nafasi kubwa zaidi, nayo haikuzua. Mbegu iko kwenye maandishi. Katika sura ya mwisho, Diana ameahidi kumsindikiza Bi Lambe kibandani kwa mzamo wake wa kwanza, kwa kuwa msichana anaogopa. Maandishi yanakatika kabla hajaingia majini.

Nje ya riwaya, mtu mashuhuri kuliko wote ni Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna, India, mwaka 1759. Alitumikia jeshi la Kampuni ya India Mashariki, akahamia Ireland, akafungua nyumba ya vyakula vya Kihindi London mwaka 1810, kisha Brighton akaanzisha bafu la mvuke. Mgonjwa alijifukiza kwa majani ya dawa ndani ya hema la flaneli, na mkandaji alipenyeza mikono kupitia mianya kumkanda viungo. Waingereza walikejeli mwanzoni, halafu wakapanga foleni. Alifika kuteuliwa mkandaji wa Mfalme George IV mwenyewe, na alifariki 1851.

Ninaandika hadithi ya enzi hiyo. Nijihadhari na nini?

Usimpeleke shujaa wako wa 1812 kwenye jumba la Brighton lenye makuba ya Nash, hayakuwepo bado. Ukitaka kuba la mtindo wa Kihindi, mpeleke kwenye mazizi ya farasi ya Mwanamfalme, yaliyokamilika 1808. Usiweke gati refu la matembezi Brighton kabla ya 1823. Usimlaze mwanamke juani: ngozi iliyoungua ilikuwa aibu ya wafanyakazi wa mashamba, na miavuli haikuwa pambo tu. Usimwogeshe saa nane mchana. Na tafadhali, mpe jina na maneno yule mwanamke anayemzamisha.

Nianze kusoma wapi?

Persuasion kwanza, kwa sababu ya Lyme. Kisha Pride and Prejudice, ukiangalia mara hii ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumlinda Lydia katika kila sura. Emma ni ya mwenye subira. Sanditon iache mwisho, na usome zile sura 12 zenyewe kabla ya kugusa matoleo yaliyomaliziwa na waandishi wengine.